«Ordinatere njo ilisema»: tuulize ni nani aliiambia

Ku mine zetu kumeingia neno moja yenye inaanza kutuumiza kuliko vumbi. Zamani, kama mushahara ilifika yenye kupunguka, ulikuwa unaenda kwa karani, anafungua buku yake, munaangalia pamoja musitari kwa musitari, munabishana mpaka mumoja wenu anakubali. Sasa unafika ku biro, kijana anaangalia ekra, weye hakuangalie, anasema: «Papa, njo ginsi ordinatere ilisema.» Kiisha anaita wa nyuma yako. Delege naye akienda, anapata jibu ile ile. Saa za ziada, siku za konje, jina yenye iko ao haiko ku liste ya bale benye kupunguzwa: ordinatere njo ilisema. Na mashini haidanganyaka, si ni vile?

Mimi ninasema tunaweza kubishana na ordinatere, na ile si maneno ya kasirani. Bantu ya hesabu bo benyewe, bale balifikiri ordinatere mbele hata moja haijatengenezwa, balionyesha kwa hakika kama kuko maulizo yenye hakuna mashini itaweza kuyajibu, leo ao kesho, hata ukiipatia moto yote ya Inga. Hii maneno ingepashwa kujulikana mu kila kamp ya batumikaji. Lakini inabakia ku iniversite, na kwetu kunafika paka lile neno la kijana ya biro. Mwenye kusoma hii asomee na jirani.

Tuanze na jina. Neno yenye Baingereza banaitia ordinatere, zamani haikuwa jina ya mashini, ilikuwa jina ya kazi. Ilikuwa muntu, muhesabuji. Bantu balikuwa banakaa mu chumba moja, meza nyuma ya meza, karatasi na kalamu, banafanya hesabu ya nyota, ya safari za meli, ya mizinga, mwezi unaisha banalipwa. Bengi balikuwa banamuke, na moja ya sababu ni kama banamuke balikuwa banalipwa kidogo kuliko banaume. Munaona, hata hapa mambo ya mushahara iko ndani toka mwanzo.

Mu mwaka 1936, kijana mumoja ya Uingereza, jina yake Alan Turing, miaka 23, ku iniversite ya Cambridge, alijiuliza: huyu muhesabuji, wakati anahesabu, anafanya nini kweli? Ukiondoa kiti, chai na usingizi, kunabakia nini? Aliona kunabakia kidogo sana. Muntu anaangalia alama moja ku karatasi. Anakumbuka amefika ku hatua gani ya kazi. Kufuatana na amri yenye alipewa, anafuta ile alama ao anaandika ingine, anasogea fasi moja kuume ao kushoto, anaingia ku hatua ingine. Ni ile tu. Turing akasema: kama ni ile tu, mashini inaweza. Hesabu yoyote yenye muntu anaifanya kwa kufuata amri bila kuongeza mawazo yake, mashini ya namna hii itaifanya pia, basi karatasi isimalizike.

Mwaka ule ule, ku New York, kulikuwa mwalimu mumoja, Emil Post. Alizaliwa mu inchi ya Poland wakati ilikuwa chini ya Urusi, akafika Marekani akiwa mutoto, na mu utoto wake akapoteza mukono wa kushoto mu aksida. Huyu hakujua kazi ya Turing, na Turing hakujua yake. Lakini balifika fasi moja. Tofauti ni hii: Post hakuandika «mashini». Aliandika «mutumikaji». Mutumikaji anasimama mbele ya musitari wa masanduku yenye haina mwisho. Anaweza kutia alama mu sanduku, kuifuta, kusogea sanduku moja huku ao kule, na kuangalia kama alama iko ao haiko. Anafuata amri zenye zimeandikwa, moja, mbili, tatu, mpaka ile yenye inasema simama. Mimi, kama muntu ya sendika, ninapenda hii ya Post zaidi. Inakumbusha kama chini ya kila ordinatere kuko mutumikaji mwenye kufuata amri, na juu yake kuko mwenye kuandika amri. Mutumikaji wa Post hawezi kuuliza kama amri ni ya haki. Hana kinywa.

(Na tusisahau: ile mashini yenye banatutisha nayo, kobalti ya batri yake na shaba ya nyuzi zake vinatoka mu bulongo yenye tunakanyaga. Tunaijua mbele ya kijana ya biro kuijua.)

Sasa tufike ku mupaka wenyewe. Bote munajua telefone yenye inaganda: kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, unangoja. Ulizo: inatumika bado, itamaliza kisha dakika tano, ao haitamaliza hata ukingoja mpaka batoto yako bazeeke? Kwa inje huwezi kujua. Ingekuwa muzuri kuwa na programu moja mukaguzi. Unaipatia programu yoyote, unaipatia na data yenye ile programu itatumikia, kiisha mukaguzi anajibu: «itasimama» ao «haitasimama». Asikosee hata mara moja, na asishindwe kujibu.

Turing alionyesha kama mukaguzi wa namna ile hawezi kuwako. Hakusema «bado hatujamupata». Alisema hawezi kuwako. Njia yake, watu bengine ba nyuma baliisema kwa maneno mafupi, na mutoto ya segondere anaweza kuifuata. Munifuate polepole.

Tukubali kwanza kama mukaguzi iko. Muuzaji moja amemuleta ku mine, amelipwa. Sasa mimi ninaandika programu yangu, ninaiita Mubishi. Mubishi anatumika hivi: unamupatia maandishi ya programu moja. Anaenda kwa mukaguzi, anamuuliza: «Hii programu, kama banaipatia maandishi yake yenyewe, itasimama?» Kama mukaguzi anajibu «itasimama», Mubishi anaanza kuzunguka bila mwisho. Kama mukaguzi anajibu «haitasimama», Mubishi anasimama pale pale. Hakuna kitu ya ajabu ndani, ni programu sawa ingine: uliza, kiisha fanya kinyume.

Sasa ninamupatia Mubishi maandishi ya Mubishi. Itakuwa nini? Anaenda kwa mukaguzi, anauliza: «Mubishi, kama banamupatia maandishi ya Mubishi, atasimama?» Mukaguzi akisema ndiyo, Mubishi anazunguka milele, basi mukaguzi amekosea. Mukaguzi akisema hapana, Mubishi anasimama, basi mukaguzi amekosea tena. Hakuna jibu ya tatu. Na Mubishi mimi nilimuandika kwa njia ya kawaida kabisa, kitu moja tu ndani yake ilikuwa ya kuazima: mukaguzi. Basi kosa iko kwa mukaguzi. Hakuna mukaguzi wa programu zote.

Someni tena kama haikuingia mara ya kwanza. Mimi niliisoma na biki mukononi.

Mu mwaka 1953, Mumarekani mumoja, Henry Gordon Rice, akatangaza maneno yenye kupita hapo. Si paka ulizo ya kusimama. Ulizo yoyote juu ya jibu zenye programu inatoa, «hii programu inalipa sawasawa?», «hii haitatoa kamwe hesabu ya chini ya sufuri?», hakuna programu moja yenye inaweza kuijibu kwa programu zote bila kukosea. Kwa hiyo wakati kampuni inasema «sisteme yetu ilikaguliwa na sisteme ingine, ikasema ni muzuri», muulize tena. Ile sisteme ingine, ni nani aliikagua?

Lakini hapa ninapenda tuwe bantu ya kweli, juu kuko badelege benye wakisikia hii batakimbia ku biro kusema «mashini haina maana». Si vile. Turing hakusema kama programu hii moja, ya leo, haiwezi kukaguliwa. Inaweza. Ku Paris, metro ya musitari wa 14 ilifunguliwa mu 1998, inatembea bila dereva, na programu yenye inalinda usalama wake bantu bayihakikisha kwa njia ya hesabu, hatua kwa hatua, mbele hawajaweka muntu hata mumoja ndani. Inawezekana. Lakini inaomba bantu benye kusoma, inaomba wakati, inaomba feza. Kampuni yenye haikulipa ile kazi haina haki ya kusema kama ile kazi ilifanyika. Mupaka wa Turing haufunge mulango. Unasema paka kama mule ndani hakuna njia ya mukato, lazima bantu batumike.

Na kuko kosa ingine, yenye hata mukaguzi wa ajabu hangeiona. Ku kampuni moja, jina ninaacha, ekipe ya usiku ilikuwa inaingia saa ine ya usiku, inatoka saa kumi na mbili ya asubui. Kila mumoja anapitisha baje ku mulango. Mwisho wa mwezi, bantu ya usiku banaonekana bamekosa kazi siku mingi. Hakuna mwizi, hakuna mashini ya kuharibika. Programu ilikuwa imeambiwa kama siku inaisha saa sita ya usiku. Inaona muntu ameingia siku ya mbili lakini hakutoka, kiisha siku ya tatu ametoka lakini hakuingia. Kwa yeye, siku mbili zote ni mbaya. Programu ilifuata amri yake kama mutumikaji ya Post, bila kosa hata moja. Amri njo ilikuwa ya bupumbafu. Aliyeiandika hakulala hata usiku moja ku mine. Kitu ilituokoa ni kaye ya mumoja wetu, mutu ya kuandika-andika, alikuwa ameandika kila usiku saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tukaweka kaye pembeni ya ekra. Musitari kwa musitari, sawa zamani.

Si bote benye kuwa na bahati ile. Mu Uingereza kuko kampuni ya posta. Biro zake mingi zinashikwa na bantu ya maduka, bantu ya kawaida, banauza mukate na timbre mu nyumba moja. Kuanzia mwaka 1999 posta ikabapatia programu moja, Horizon, yenye ilitengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ikaanza kusema feza imepunguka mu kese. Mwenye duka anahesabu, anahesabu tena, haone kosa. Programu inasema deni. Akipiga telefone kuomba musaada, bengi baliambiwa: ni weye peke yako. Mpaka mwaka 2015, bantu mingi balipelekwa mbele ya batribinali juu ya wizi na hesabu ya kudanganya. Zaidi ya bantu 900 balikatiwa hatia. Bengine balifungwa, bengine baliuzisha nyumba kulipa feza yenye haikupotea kamwe, bengine balijiua. Sheria ya kule inaanza na mawazo kama mashini iko muzima. Anayesema si muzima njo anapashwa kuleta ushuhuda. Na ushuhuda ulikuwa ndani ya mashini, mukononi mwa kampuni.

Mwenye duka mumoja, Alan Bates, posta ilivunja kontra yake mu 2003, hakunyamaza. Akakusanya bengine. Bakafika bantu 555, bakashitaki, na mu mwezi wa kumi na mbili 2019 juji akasema wazi kama Horizon ilikuwa na makosa ndani yake. Mu 2024, bunge ya Uingereza ikapitisha sheria ya kufuta zile hatia. Miaka ishirini na zaidi. Kitu moja inaniuma zaidi mu ile habari, na si programu: chama chenye kilipashwa kutetea bale bantu ya posta hakikubasimamia. Juji mwenyewe aliandika kama kile chama hakikuwa huru, juu kilikuwa kinategemea feza ya posta. Bandugu ya sendika, mimi sitaongeza neno hapo.

Kuko mupaka mwingine, wa namna tofauti, na huu unatuhusu juu ya ratiba. Tuseme bisi inapashwa kukusanya batumikaji ku fasi 25 za site. Apite wapi kwanza, wapi ya pili, kusudi njia iwe fupi kuliko zote? Kwa fasi 10 tu, kuko namna 3 628 800 za kuzipanga. Kwa fasi 25, hesabu inakuwa na tarakimu 26. Ordinatere yenye kujaribu namna miliyare moja kila segonde ingehitaji miaka karibu milioni 490 kuzimaliza moja moja. Bantu ya akili balivumbua njia za kupunguza, na kwa fasi 25 zinafaulu muzuri. Kuko pia kazi zenye zinaonekana kubwa lakini zina njia fupi, sawa kupanga bantu kwa urefu. Lakini kwa hii ya bisi, na kwa mazowezo mingi ya ratiba, ya kamio, ya ekipe, hakuna mwenye alivumbua njia ya haraka yenye inafaulu kila mara. Toka mwaka 1971, wakati Stephen Cook ku Toronto alitangaza kazi yake juu ya hii ulizo, hakuna hata mwenye alihakikisha kama ile njia iko ao haiko. Toka 2000 kuko zawadi ya dola milioni moja kwa mwenye atajibu. Bado inangoja, batoto wa Likasi na wa Fungurume bajaribu nabo.

Programu za ratiba zinafanya nini basi? Mara mingi hazitafute ile yenye kupita zote. Zinatafuta «nzuri ya kutosha», kiisha zinasimama. Nzuri kwa nani? Ile njo ulizo. Muntu fulani aliandika ndani kama dakika moja ya kamio yenye kusimama ni hasara kubwa, na usiku wa saba wa kufuatana kwa dereva ni hasara kidogo ao si hasara. Angeweza kuandika kinyume. Programu ingetumika vile vile, ingetoa ratiba ingine, na kijana ya biro angesema vile vile: ordinatere njo ilisema. Bamama benye kuona bwana anarudia nyumbani macho mekundu, anasinzia mbele ya bukari, bajue kama usingizi wake muntu aliupatia bei mu programu, na hakumuuliza.

Bale bakubwa batasema: munataka kurudisha karatasi, munaogopa maendeleo. Hapana. Baje ni muzuri, iliondoa bakapita benye kuuzisha siku za kazi. Tunataka paka mashini ikae fasi yake. Ulaya, toka mwezi wa tano 2018, iko na sheria yenye inasema kama muntu ana haki, isipokuwa mu mambo fulani, asikatiwe neno kubwa la maisha yake na mashini peke yake, bila muntu. Sisi hapa tuko na Kode ya Kazi ya 2002, na Kode ya Numerike ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Badelege bazisome zote mbili, musitari kwa musitari, mbele ya kukaa na patron.

Mu kikao chenye kinakuja cha konvansio, mimi nitaomba bintu tatu na ninaomba ekipe zingine ziombe vile vile. Hakuna kukatwa mushahara wala kufukuzwa bila muntu mwenye jina kutia sinyatire na kueleza kwa maneno. Delege aonyeshwe amri zenye programu inafuata juu ya saa na malipo, kwa maneno yenye tunaelewa: siku inaanza saa ngapi, saa ya ziada inahesabiwa toka wapi. Na kama kaye ya mutumikaji na ekra havipatane, mushahara isikatwe mpaka pande mbili ziangalie pamoja; kampuni njo ilete ushuhuda, juu mashini ni yake.

Tukingoja ile, kila mumoja anunue kaye ya kurasa 100 na biki. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina ya shefu ya ekipe, na kama baje ilikataa, andika kama ilikataa. Uiache ku nyumba, si mu vestiere. Ukienda konje, bibi ao mutoto mukubwa ajue fasi iko. Mwisho wa mwezi, uilete kwa delege pamoja na buletini, hata kama mushahara ilifika sawasawa.